Samora Machel na ukame ulioitwa laana

KILA kimbunga kinapopiga pwani ya kaskazini ya Msumbiji, watu wa huko, kuanzia Pemba hadi Palma na Afungi, huulizana tumekosa nini. Wapo wanaosema ni adhabu ya Mungu kwa dhambi za watu. Wapo wanaosema mizimu imesahauliwa. Na wapo wanaosema ni bahari na upepo tu, hakuna aliyekosa.

Kundi hili la tatu liliwahi kuwa na rais wake. Naye ni hayati Samora Moises Machel, Rais wa kwanza wa Msumbiji huru, ambaye wazee waliorejea kutoka Tanzania mwaka 1975 wanamkumbuka tangu enzi za kambi ya Nachingwea.

Samora alizaliwa Septemba 29, 1933 katika kijiji cha Chilembene, mkoani Gaza, kwenye bonde la mto Limpopo. Huko mto ni baba na adui. Ukijaa kiasi huacha rutuba shambani, ukifurika huchukua nyumba na mifugo. Miaka ya 1950 serikali ya Kireno iliwahamishia walowezi katika bonde hilo, na familia yake ikawa miongoni mwa waliopoteza ardhi. Kaka yake alikufa kwa ajali katika migodi ya Afrika Kusini. Mapema kabisa, kijana huyo alijifunza kuwa misiba mingi inayoitwa majaliwa ina mkono wa mtu ndani yake.

Alitoka katika ukoo wa Waprotestanti, lakini alisoma shule ya misheni ya Kikatoliki. Wamisionari walitaka aende seminari, yeye akachagua uuguzi na kufanya kazi katika hospitali ya Miguel Bombarda mjini Lourenço Marques, ambao sasa ni Maputo. Muuguzi huulizwa homa imeanza lini na maji ya kunywa yametoka wapi. Tabia hiyo ya kutafuta chanzo haikumtoka tena.

Mwaka 1963 alitoroka nchini, akafika Dar es Salaam na kujiunga na Frelimo. Alipata mafunzo ya kijeshi Algeria, akarudi na kuwa miongoni mwa makamanda wa vita vilivyoanza Cabo Delgado Septemba 25, 1964. Mei 1975 alivuka Rovuma akiwa kiongozi wa chama na kuizunguka nchi nzima hadi Maputo, ambako uhuru ulitangazwa Juni 25.

Mafuriko na matambiko

Februari 1977, mwezi uleule Frelimo ilipojitangaza chama cha Marx na Lenin, Limpopo ulifurika na kuua mamia ya watu katika bonde alikozaliwa Rais. Serikali haikuhubiri toba. Iliwahamishia walionusurika sehemu za miinuko, katika vijiji vya ujamaa. Mwaka 1980 ikaundwa idara maalumu ya kuzuia na kupambana na majanga ya asili, mama wa taasisi ambayo leo watu wa Palma wanaijua kwa jina la INGD.

Upande wa pili wa siasa hiyo ulikuwa mkali. Frelimo iliyaita matambiko ya mvua ujinga wa kale, ikawaondoa machifu waliokuwa wakiyasimamia. Misikiti na makanisa navyo vilibanwa. Krismasi ikabadilishwa jina na kuwa Siku ya Familia.

Kisha mvua ikakatika. Kuanzia mwaka 1981 ukame ulikausha kusini na katikati ya nchi, na njaa ya mwaka 1983 na 1984 inakadiriwa kuua watu wapatao 100,000. Vijijini wengi walikuwa na jibu tayari, kwamba mizimu imekasirika kwa sababu serikali imekataza matambiko. Kwa wakulima hao, ukame ulikuwa hukumu dhidi ya Samora mwenyewe.

Kuhusu chanzo cha ukame, Samora ndiye aliyekuwa na haki. Mwaka 1982 na 1983 maji ya bahari ya Pasifiki yalipata joto kupita kawaida, hali inayoitwa El Niño, ambayo kwa kawaida hupunguza mvua kusini mwa Afrika. Zimbabwe na Afrika Kusini nazo zilikauka, na huko Frelimo haikuwa imekataza tambiko lolote.

Lakini ukame peke yake hauui watu 100,000. Waasi wa Renamo, waliosaidiwa na Afrika Kusini ya makaburu, walikuwa wakichoma magari ya chakula na kufunga barabara. Sera za serikali nazo zilichangia, kwa kuwa fedha nyingi zilimwagwa katika mashamba ya dola huku mkulima mdogo akikosa jembe na mbegu. Samora aliyekataa kuisingizia mbingu alibaki na swali gumu zaidi, la sehemu ya njaa iliyotoka mikononi mwa watu, wakiwamo wake.

Inaonekana alilisikia. Desemba 1982 aliwaita viongozi wa dini zote na kuanza kulegeza kamba. Machi 1984 alitia saini mkataba wa Nkomati na Afrika Kusini, akitafuta amani ili chakula kipite.

Oktoba 19, 1986 ndege yake ilianguka Mbuzini, Afrika Kusini. Hakuna aliyeishia kusema siku yake imefika. Tume ya Afrika Kusini iliwalaumu marubani, wataalamu wa Kisovieti wakasema ndege ilipotoshwa kwa mawimbi ya redio ya uongo, na ubishi unaendelea hadi leo. Hata waumini wakubwa walitaka chanzo kijulikane.

Kenneth kilipotua Cabo Delgado Aprili 25, 2019, wiki sita baada ya Idai kuivunja Beira, kilikuwa kimevuta nguvu kutoka bahari yenye joto, kama vimbunga vyote. Desemba 15, 2024 Chido kikatua Mecufi, kusini ya Pemba. Mecufi haikuwa na dhambi kuliko Palma. Ilikuwa njiani.

Anayesema kimbunga ni laana humwachia aliyepatwa kazi moja tu, kutubu. Anayesema ni hali ya hewa amejitwisha deni. Anatakiwa kutoa taarifa mapema ili mfanyabiashara wa Namoto asipakie mzigo katika mashua siku ya dhoruba, kujenga nyumba itakayohimili upepo, na kuweka chakula ghalani kabla ya njaa. Samora alilikubali deni hilo hadharani, lakini hakuweza kulilipa lote. Waliokuja baada yake bado wanadaiwa, na aliyerejea Palma kujenga upya ana haki ya kuwadai.