MEKATILILI NA MSITU WA KAYA

Waama, wahenga hawakukosea waliponena kuwa mwacha mila ni mtumwa. Msomaji mpenzi, leo nakusimulia habari za mama mmoja aliyekataa kuacha zake.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mnyazi wa Menza. Alipopata mwana aitwaye Katilili, watu wakamwita Mekatilili, yaani mama yake Katilili. Alikuwa Mgiriama wa sehemu ambazo leo ni Kaunti ya Kilifi.

Wagiriama walikuwa na kaya, yaani boma la kale lililozungukwa na msitu mnene. Kaya yao kuu ni Kaya Fungo. Wazee wa kaya ndio waliotunza msitu huo. Hukuruhusiwa kukata mti ovyo, wala kupita njia usiyoonyeshwa. Hapakuwa na askari wa msitu, mwiko ulitosha.

Kisha Waingereza wakaja na kodi, tena wakataka vijana wakafanye kazi katika mashamba ya wageni. Mwaka 1913 Mekatilili aliwakusanya watu Kaya Fungo. Wanawake wakala kiapo chao na wanaume chao, kwamba hawatamtumikia Mzungu. Serikali ilishtuka, si mchezo! Yeye na mzee Wanje wa Mwadorikola walikamatwa wakapelekwa Kisii, mbali mno na kwao. Kumbe jela haikuwaweza! Mwaka 1914 walitoroka wakarudi pwani.

Waingereza walijua nguvu ya Wagiriama imo msituni. Basi Agosti 1914 wakailipua Kaya Fungo kwa baruti. Vita vikazuka, nyumba nyingi zikachomwa. Mekatilili alishikwa tena, akaachiliwa mwaka 1919.

Baruti haikuumaliza mwiko. Kilichoudhoofisha polepole ni dharau. Amri zilipoanza kutoka ofisini, sauti ya mzee wa kaya ilipungua, na shoka likaingia katika kaya nyingi za Mijikenda. Ilibidi serikali ya Kenya huru ianze kuzilinda kwa sheria mwaka 1992. Mwaka 2008 UNESCO iliziweka baadhi yake katika urithi wa dunia. Yale waliyoyajua wazee zamani, dunia nzima sasa inayakubali.

Kwa hivyo vijana wenzangu, mzee akikuambia usikate mti huu, usicheke ukidhani ni ushamba. Mekatilili alifungwa kwa sababu ya kiapo kilicholiwa katika msitu kama huo.