Idi Amin alikufa kitandani, deni la vita likabaki kwa wananchi

Kila inapofika Siku ya Mashujaa, 25 Julai, wasikilizaji wetu vijana hutaka kujua nduli anayetajwa na wazee alikuwa nani hasa, na aliishia wapi. Sisi wenyewe tumezaliwa baada ya Vita ya Kagera. Neno nduli tulilikuta tayari midomoni mwa wakubwa zetu.

Idi Amin Dada alizaliwa miaka ya 1920. Baba yake alikuwa Mkakwa na mama yake Mlugbara, makabila ya West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda. Shule alisoma kidogo. Mwaka 1946 aliingia jeshi la wakoloni wa Kiingereza, King's African Rifles. Walimpeleka Kenya kupambana na Mau Mau, na kwa miaka kadhaa alikuwa bingwa wa ngumi wa Uganda. Baada ya uhuru wa 1962 alipanda vyeo haraka chini ya Milton Obote, hadi akawa mkuu wa jeshi.

Tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, Amin alimpindua. Watu wa Kampala walishangilia barabarani. Mwalimu Nyerere hakuutambua utawala huo, akampa Obote hifadhi hapa nchini. Uadui ulianzia hapo.

Shangwe haikudumu. Askari wa Kiacholi na Kilangi waliuawa makambini kwa kudhaniwa kuwa watu wa Obote. Mwaka 1972 Waasia walipewa siku 90 kuondoka. Maduka yao yakagawiwa askari na marafiki, na bidhaa zikaadimika. Februari 1977 aliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum. Idadi ya waliouawa katika miaka minane haijulikani kwa uhakika, lakini makadirio mengine hufika watu 300,000.

Oktoba 1978 majeshi yake yalivamia Tanzania, yakateka eneo la kaskazini ya Mto Kagera, yakaua raia, yakapora mifugo na kuvunja daraja la Kyaka. Mwanzoni mwa Novemba Mwalimu akatangaza vita. Mgambo waliitwa kuungana na wanajeshi wa JWTZ, na 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Amin alikuwa ameshakimbia. Alipokelewa Libya, na baadaye akaishi Saudi Arabia.

Yeye alipona, wengine wakalipa. Watanzania tulitakiwa kufunga mikanda kwa miezi 18, lakini dhiki ilidumu zaidi ya hapo. Wazee wa Dodoma wanakumbuka foleni za sukari na sabuni, na unga wa yanga. Uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa kwetu nao ulikosa fedha. Vita haikuwa sababu pekee, kwani mafuta nayo yalipanda bei duniani, lakini ilichangia. Serikali ilianza kuhamia kwa wingi mwaka 2016.

Uganda kwenyewe amani haikuja. Watu wa West Nile waliadhibiwa kwa makosa ya mtu mmoja. Wengi waliuawa au kuchomewa nyumba, wengine wakakimbilia Sudan na Zaire. Obote alirudi madarakani Desemba 1980. Miezi michache baadaye Yoweri Museveni aliingia msituni, na wanakijiji wa Luwero wakafa kwa wingi hadi vita hiyo ilipokwisha 1986.

Amin alifariki hospitalini Jeddah, 16 Agosti 2003, akazikwa hukohuko. Hakuwahi kusimama mahakamani. Kifo chake hakikuwaunganisha Waganda. Baadhi ya watu wa kwao walimlilia kama ndugu, na wajane wa Acholi na Lango wakabaki bila hata kumsikia akiulizwa kwa nini.

Hilo ndilo tunaloliona zito. Mtawala anaweza kukimbia na kufia ugenini, lakini chuki aliyoipanda baina ya makabila haiondoki naye. Wanaobaki huilipa kwa damu na njaa, hata walioko mbali kama sisi huku katikati ya nchi.

Msikilizaji, kama kwenu yupo mzee aliyekwenda Kagera, keti naye jioni moja akusimulie angali hai.