Mganga Ogino, Aliyezihesabu Siku za Uzazi

Katika nchi ya Japani, mwaka 1882, alizaliwa mtoto mwanamume aliyeitwa Kyusaku. Alipokuwa kijana, jamaa ya Ogino walimtwaa awe mtoto wao, naye akachukua jina lao. Akasoma uganga katika chuo kikuu cha Tokyo, akamaliza mwaka 1909. Mwaka 1912 akaenda mji wa Niigata, ulio kando ya bahari, akawa mganga wa wanawake katika hospitali ya Takeyama.

Wanawake wengi walimjia kwa huzuni, kwa kuwa walitamani mtoto wasimpate. Siku zile waganga walijua ya kuwa yai hutoka katika mwili wa mwanamke, lakini siku ya kutoka kwake hawakuijua kwa hakika. Wengi walihesabu tangu damu ya mwezi ilipoanza, wakakosea. Maana mwezi wa mwanamke mmoja una siku 26, na wa mwingine siku 33.

Ogino hakutaka kukisia. Kila alipompasua mgonjwa, alitazama kwa macho yake mahali yai linapokaa, aone kama limekwisha toka. Tena alimwuliza mgonjwa siku zake za damu, za nyuma na zile zilizofuata, akaziandika zote. Baada ya taabu nyingi akatambua kwamba imepasa kuhesabu kwa kurudi nyuma: yai hutoka kati ya siku ya 16 na siku ya 12 kabla ya damu inayofuata. Jambo hilo alilitangaza Japani mwaka 1924, na Ujerumani mwaka 1930. Hermann Knaus, mganga wa Austria, alifikia karibu neno lilelile kwa njia nyingine. Kwa hiyo majina yao hutajwa pamoja.

Basi waganga Wakatoliki wa Ulaya wakaona kwamba elimu hiyo yaweza kuwafaa wenye ndoa. Mwanamke huandika siku zake kwa miezi 6 au zaidi. Katika mwezi ulio mfupi kuliko yote hutoa 18, na katika ule mrefu kuliko yote hutoa 11. Kama mfupi una siku 26 na mrefu siku 30, siku za uzazi ni tangu siku ya 8 hata siku ya 19. Wanaotaka mtoto hukutana siku hizo. Wenye sababu nzito ya kungoja hujizuia.

Lakini Ogino mwenyewe hakuifanya kazi yake ili watu wazuie mimba. Alijua ya kuwa siku za wanawake wengi hutangatanga, akahofu kwamba hesabu ikikosea, wengine wataiua mimba wasiyoitaka. Hofu yake ilikuwa ya haki. Hesabu peke yake haimtoshi mwanamke ambaye miezi yake hailingani, wala anayenyonyesha, wala aliyeacha karibuni vidonge au sindano za kuzuia mimba, maana mwili wake haujarudia desturi yake. Kwa sababu hiyo, mwaka 1935, padri Mjerumani Wilhelm Hillebrand alifundisha kupima joto la mwili kila asubuhi, kwa kuwa hupanda kidogo yai likiisha kutoka. Baadaye mganga John Billings wa Australia alifundisha kuangalia ute wa uzazi, ambao huwa mwepesi na wa kuteleza siku za yai zikikaribia.

Mwaka 1960 vidonge vya kuzuia mimba vilikubaliwa Marekani. Wanawake wengine waliovitumia waliumwa kichwa, wengine damu yao ilipanda, na wachache damu iliganda katika mishipa. Mwanamke aliyepatwa na mambo hayo hana budi kumwona mganga upesi, asifiche. Mwaka 1968 Baba Mtakatifu Paulo VI alifundisha kwamba vidonge hivyo si njia halali ya kuzuia uzazi, bali wenye ndoa wakiwa na sababu za haki waweza kuzifuata siku ambazo Mungu mwenyewe ameziweka bila uzazi.

Ogino hakuuacha mji wa Niigata. Aliwatibu wanawake wake hata uzee, akafa tarehe 1 Januari 1975, mwenye miaka 92. Njia moja mjini humo ina jina lake.

Elimu aliyoiacha haimfai mke akiwa peke yake. Mke akihesabu na mume asitake kungoja, hesabu ni bure, na mzigo wote humwangukia mke. Mume mwema huzijua siku za mkewe, huuliza, hungoja pamoja naye, wala hamlaumu. Hivyo wawili hao huonyesha kwamba wamekuwa mwili mmoja kweli, kama walivyoahidiana mbele ya altare.