Bibi Florence Nightingale na Kuhama kwa Hospitali ya St Thomas

Tukiwakumbuka waliowatumikia wagonjwa, haifai tumsahau Bibi Florence Nightingale, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1820 katika mji wa Florence, Italia. Jamaa zake walikuwa matajiri, nao hawakutaka awe muuguzi, kwa kuwa siku zile kazi hiyo ilidharauliwa. Lakini yeye alisadiki kwamba Mungu amemwita, wala hakurudi nyuma.

Mwaka 1854, wakati wa vita vya Crimea, alikwenda Scutari, ng'ambo ya Stambuli, pamoja na wauguzi 38. Huko askari waliokufa kwa maradhi walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa majeraha, maana chini ya hospitali ile mlikuwa na mifereji iliyojaa uchafu. Baada ya vita alishika neno moja: hospitali isimdhuru mgonjwa.

Hata mwaka 1859 neno hilo likajaribiwa London. Hospitali ya St Thomas, iliyokuwa Southwark karibu na London Bridge, ilitakiwa itoe sehemu ya kiwanja chake ipite reli. Bibi Nightingale, ingawa alikuwa dhaifu wa mwili, alishauri kwa barua kwamba kiwanja chote kiuzwe, na hospitali ihamie nje ya mji, Blackheath au Lewisham, penye nafasi na hewa safi. Wengine wakapinga, wakihofu kwamba maskini wa mjini hawataweza kufika. Hofu hiyo haikuwa ndogo. Naye akaijibu kwa hesabu, akiwapanga wagonjwa kwa umbali wa makao yao.

Kiwanja kikauzwa, na mwaka 1862 hospitali ikahamia Surrey Gardens kwa muda. Lakini wakubwa wake hawakukubali kwenda mbali. Wakachagua Lambeth, ukingoni mwa mto Thames, kulielekea Bunge. Basi katika jambo la mahali alishindwa. Katika jambo la jengo hakushindwa: hospitali mpya, iliyofunguliwa na Malkia Victoria mwaka 1871, ilijengwa kwa namna aliyoifundisha, nyumba zilizotengana, zenye madirisha pande mbili ili hewa ipite. Na chuo cha wauguzi alichokianzisha St Thomas mwaka 1860 kikahamia pamoja nayo.

Alifariki mwaka 1910. Nasi tunapochagua mahali pa kujenga zahanati au shule, yatupasa kuuliza mambo mawili: ni nani atakayeweza kufika, naye akiisha kufika, je, atapona au atadhurika?