Amos Alonzo Stagg na Swali la Ekipe Kubwa

Ndugu wasomaji, na zaidi ninyi wadogo wetu wa madarasa ya chini, ku shule zote watu wanabishana juu ya ekipe. Mmoja anasema ekipe kubwa ni ile yenye kombe. Mwingine anasema ni ile yenye mchezaji mmoja wa kutisha. Wa tatu anahesabu watu wanaojaa ku kiwanja. Kusudi tusibishane bule, sisi tumechagua kuwaeleza maisha ya mtu mmoja aliyekufa zamani, ambaye alitumika kazi ya ekipe za shule kwa miaka karibu 70. Jina lake ni Amos Alonzo Stagg, Mmarekani, mkristo wa Presbiteri.

Kwanza tufahamishane. Mpira wa Wamarekani si huu wetu wa miguu. Mpira wenyewe ni mrefu kama yai. Wachezaji ni 11 kila upande, wanaubeba kwa mikono, wanakimbia nao, wanaangushana chini, na mara moja moja wanaupiga teke. Jambo la pili: kule Marekani mchezo huu ulikua ku vyuo vikuu, na hata leo ekipe ya wanafunzi inaweza kujaza kiwanja cha watu zaidi ya 100,000. Basi swali la ekipe kubwa si la mchezo tu kwao. Ni swali la heshima ya shule nzima.

Stagg alizaliwa tarehe 16 mwezi wa 8 mwaka 1862 ku West Orange, jimbo la New Jersey. Baba yake alikuwa fundi wa viatu, na nyumba ilikuwa na watoto wengi na feza kidogo. Kijana alichelewa kusoma juu ya umaskini. Alipoingia chuo kikuu cha Yale mwaka 1884 alikuwa na miaka 22. Alitaka kuwa mchungaji. Alilala mu chumba cha baridi, na alikuwa anakula kidogo sana mpaka akaugua. Lakini ku mchezo wa besiboli alikuwa hodari wa kutupa mpira, na ekipe za kulipwa zikamtaka kwa feza nyingi. Akakatala. Mwaka 1889, walipochagua kwa mara ya kwanza wachezaji 11 bora wa vyuo vyote vya Marekani, jina lake lilikuwamo.

Alianza masomo ya teolojia, lakini akaona hana ulimi wa kuhubiri ku mimbara. Wengi wangekata tamaa. Yeye alifikiri kwamba kiwanja pia kinaweza kuwa pahali pa kufundisha vijana wa Kristo. Akaenda ku Springfield, ku shule ya YMCA, ambako mwenzake James Naismith alitunga mchezo wa basketi. Mwezi wa 3 mwaka 1892 walimu na wanafunzi wa pale walicheza basketi mara ya kwanza mbele ya watu. Wanafunzi walishinda 5 kwa 1, na ile moja ya walimu aliitia Stagg.

Mwaka huohuo chuo kikuu kipya kilifunguliwa ku Chicago. Mkubwa wake, William Rainey Harper, alikuwa amemfundisha Stagg ku Yale. Alimwita, akampa cheo cha profesa. Hapa, ndugu, tusimame kidogo. Harper hakumchukua kama kibarua anayefukuzwa akipoteza mechi mbili. Alimpa kazi ya kudumu, na Stagg akakaa miaka 40. Chuo kilikuwa kipya kabisa, vijana wa kucheza walikuwa wachache, hata mwalimu mwenyewe mwanzoni alivaa akacheza nao. Mwaka 1894 alioa Stella Robertson, mwanafunzi wa chuo kilekile. Mama huyu alikuwa anakaa ku mechi akiandika kila mchezo ulivyokwenda, na mume wake alitumia kazi yake miaka mingi.

Ekipe hii iliingiaje mu mstari wa mbele? Si kwa kupiga wadogo. Mwaka 1896 vyuo saba, Chicago kimoja wao, vilifanya umoja wa kucheza kila mwaka wao kwa wao, kwa sheria zinazosema nani ni mwanafunzi wa kweli anayeweza kuvaa jezi. Umoja huo baadaye uliitwa Big Ten, na upo hata leo. Kujifunga na wenye nguvu vile ni kujitafutia mateso, lakini ndiyo njia. Kushinda mechi 10 za wanyonge hakuonyeshi kitu.

Mfano mkubwa ni mwaka 1905. Ekipe ya chuo kikuu cha Michigan, chini ya mwalimu Fielding Yost, ilikuwa imepita mechi 56 bila kushindwa, tangu 1901. Mwaka ule ilikuwa imetia pwenti 495 na haijafungwa hata moja. Tarehe 30 mwezi wa 11 ikaja Chicago mbele ya watu karibu 27,000. Kwa muda mrefu hakuna aliyepata kitu. Kiisha mchezaji wa Michigan akakamata mpira nyuma ya mstari wake mwenyewe, akajaribu kutoka nao, Wachicago wakamsukuma wakamrudisha. Kwa sheria zao hiyo ni pwenti mbili. Mechi ikaisha 2 kwa 0. Kazi ya miaka 13 ilionekana siku ile.

Stagg alikuwa mtu wa namna gani? Hakunywa pombe, hakuvuta tumbako, hakutukana. Akikasirika sana alimwita mchezaji punda, basi. Alikuwa vilevile mtu wa kuvumbua, na mazoezi na mipango mingi ya mchezo wanaihesabu kwake. Mwaka ule wa 1905 vijana walikufa ku viwanja vya Marekani juu ya ukali wa mchezo, hata Rais Theodore Roosevelt akaita watu wa vyuo vikubwa wazungumze naye. Mwaka 1906 sheria zikabadilishwa, wakaruhusu kutupa mpira mbele kwa mkono, kusudi vijana wasiendelee kurundikana na kuvunjana. Stagg alikuwa mu komite ya sheria, na alikaa humo miaka mingi.

Lakini hatutaki kumfanya malaika. Chuo kikisha kuonja sifa za mpira, majaribu yanakuja. Walter Eckersall, aliyekuwa nyota wa mechi ile ya 1905, aliondoka ku chuo bila diplome. Watu walimshangilia miaka minne, masomo yakabaki nyuma. Hapo tunaona kwamba mtu anaweza kuwa mwenye dini na mwenye bidii, na bado ekipe yake ikamla mwanafunzi wake. Ndugu, jambo hili tulifikiri sana.

Chicago ilichukua ubingwa wa umoja wake mara nyingi, kama mwaka 1899, 1905, 1907, 1908, 1913 na 1924. Kiwanja kiliitwa Stagg Field akiwa bado hai. Kiisha mambo yakageuka. Vyuo vya majirani vilikuwa na wanafunzi wengi kupita Chicago na viwanja vikubwa kupita chake. Mkubwa mpya, Robert Maynard Hutchins, alipenda vitabu kuliko mpira. Mwaka 1932, kwa sababu Stagg alifikia miaka 70, chuo kilimwondoa ku ekipe. Alipewa kazi nyingine ya heshima, akakatala. Alitaka kufundisha vijana.

Tazameni sasa yaliyofuata. Mwaka 1935 Chicago bado ilikuwa na Jay Berwanger, na yeye ndiye wa kwanza kupata ile zawadi ya mchezaji bora wa vyuo ambayo leo inaitwa Heisman. Kumbe mchezaji bora wa inchi nzima hakuweza kuokoa ekipe. Mwaka 1939 Michigan iliifunga Chicago 85 kwa 0, na mwisho wa mwaka ule chuo kikafuta ekipe kabisa. Nyota alikuwapo, jina kubwa lilikuwapo, kiwanja kilikuwapo. Shule nyuma ya ekipe ndiyo haikuwapo tena.

Je, chuo kilikufa? Hapana. Tarehe 2 mwezi wa 12 mwaka 1942, mu chumba kimoja chini ya majukwaa ya Stagg Field, wataalamu wakiongozwa na Enrico Fermi waliwasha mara ya kwanza moto wa atome unaoongozwa na mtu. Sisi Wakongomani tunajua kwamba sehemu kubwa ya uranium ya kazi ya Wamarekani mu miaka ile ilitoka ku Shinkolobwe, Katanga. Basi pale watu walipokuwa wanapiga kelele za mpira pakatoka jambo lililobadilisha dunia, kwa wema na kwa ubaya. Shule inaweza kuwa kubwa bila ekipe. Ekipe haiwezi kuwa kubwa bila shule.

Na mzee wetu? Mwaka 1933, na miaka yake 70, alianza upya ku College of the Pacific, chuo kidogo cha Wametodisti ku Stockton, California. Feza kidogo, wachezaji wachache, tena alikubali kucheza na vyuo vikubwa. Kusema kweli alishindwa kupita alivyoshinda. Mwaka 1938 alirudi Chicago na vijana wake wa Pacific, na ku kiwanja kilichobeba jina lake mwenyewe wakaifunga Chicago 32 kwa 0. Mwaka 1943, wakati wa vita, jeshi la maji lilileta vijana wenye nguvu kusoma ku chuo chake. Akawapiga UCLA na California, na wenzake wakamchagua mwalimu bora wa mwaka. Alikuwa na miaka 81! Hapo pia tunajifunza: mwalimu ni yuleyule wa miaka ya kushindwa. Alipopata watu, akapanda.

Aliondoka Pacific mwaka 1946, akasaidiana na mtoto wake ku chuo cha Susquehanna mpaka 1952, kiisha akarudi Stockton kufundisha vijana kupiga teke mpaka mwaka 1960, akiwa na miaka 98. Alikufa tarehe 17 mwezi wa 3 mwaka 1965, mwenye miaka 102. Hesabu yake ya ushindi, mechi 314, haikupitwa mpaka mwaka 1981, Bear Bryant wa Alabama alipofikisha 315.

Basi sisi tunasema hivi. Ekipe kubwa tunaijua kwa mambo manne: inashinda miaka mingi, si mwaka mmoja, inacheza na wenye nguvu, ina mwalimu anayeachiwa muda, na shule inasimama nyuma yake bila kusahau diplome za wachezaji. Kombe ni tunda. Ukikata mti, tunda la mwaka jana halikusaidii.

Na jambo la mwisho linatupendeza. Tangu 1973, fainali ya vyuo vidogo vya Marekani, vile visivyolipia wachezaji masomo juu ya mpira, inaitwa kwa jina la Stagg. Mule wanacheza wanafunzi wa kweli, kesho yake wanarudi ku darasa. Wadogo wetu, mkichagua kapiteni mwaka ujao, na mkiona mwenzenu anafunga mabao lakini anaanguka mu hesabu na kifaransa, msimwache hivyo. Kaeni naye usiku, mfundishe. Hapo ndipo ekipe ya shule yetu itaanza kuhesabiwa.