Habari za James Chuma, Myao, Mpagazi

Watu wa pwani hii, tangu Kilwa na Kiswere hata Lindi, walizoea kuona misafara ikishuka kutoka bara, pembe na watumwa pamoja. Katika wana wa Wayao waliouzwa zamani hizo alikuwamo mmoja ambaye jina lake laandikwa katika vitabu vya mataifa, naye ni James Chuma.

Mwezi wa Julai 1861 alikuwa mtoto tu, amefungwa pamoja na watumwa wengine wakipelekwa Tete. Bwana Livingstone na Askofu Mackenzie wakakutana na msafara ule karibu na mto Shire, wakawafungua watu 84. Kijana akawekwa Magomero. Misheni ilipohama, Livingstone akamchukua baharini pamoja na mwenzake Wekatani hata Bombay, mwaka 1864. Huko akasoma, akabatizwa mwaka 1865.

Mwaka 1866 walirudi kwa njia ya Ruvuma. Karibu na ziwa la Nyasa Wekatani alisikia habari za jamaa zake, akabaki. Chuma hakubaki. Tena alishindana na bwana wake, akisema kwamba Wamanganja ndio waliomwuza, na ya kuwa Myao hamwuzi mwanawe kamwe. Alipotajiwa baba aliyewauza watu wa nyumba yake, alijibu kuwa huyo ni Mmachinga. Sisi tulio karibu na Wamachinga tutacheka, lakini si neno la kucheka sana. Mtu aliyeuzwa na watu wake mwenyewe atasema nini, akitaka kuwa na kwao?

Kwa hiyo msafara ukawa kwao. Mwaka 1872 alimwoa Ntaoeka, mwanamke hodari, wa kwanza kuamka katika baridi ya asubuhi. Naye Chuma, aliyesemwa kuwa mvivu, alikiri kwamba uvivu wake ulitokana na kukosa mke.

Livingstone alikufa kwa Chitambo, Mei 1873. Chuma na Susi na wenzao wangaliweza kumzika na kwenda zao, wala hapana mtu wa kuwauliza. Walizika moyo chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaufunga kwa nguo na magome, wakauchukua mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Mazishi yalifanyika London, Aprili 18. Katika wapagazi alikuwapo Jacob Wainwright tu. Chuma na Susi walifika baadaye, wakapewa nishani, wakamsaidia Bwana Waller kutengeneza kitabu cha safari zile. Nasi twaona kwamba walicheleweshwa bila haki.

Chuma hakukaa Ulaya. Mwaka 1875 alimwongoza Askofu Steere kutoka Lindi hata mji wa Mataka, na mwaka 1876 alikuwa katika safari iliyowaleta Masasi watu waliofunguliwa Unguja, waume kwa wake, wasio na mji wa kurudia. Kati yao walikuwamo waliozaliwa bara na kupitishwa pwani hii wakiwa wamefungwa. Sasa wakapanda njia ile ile kwa miguu yao, na mizigo ilikuwa yao.

Baadaye alisafiri pamoja na Bwana Joseph Thomson mwaka 1879, na tena Ruvuma mwaka 1881 kutafuta makaa ya mawe. Alikufa Unguja mwaka 1882 kwa ugonjwa wa kifua, akiuguzwa na watu wa misheni, umri wake kama miaka thelathini.