Thomas Graham: Mwalimu wa Livingstone aliyetenganisha gesi kwa utando wa mpira

Ujiji hakuna asiyelijua jina la David Livingstone, aliyekutana hapo na Stanley mwaka 1871. Mwalimu wake wa kemia, Thomas Graham, anajulikana zaidi na wanafunzi wa sayansi. Hata hivyo, kazi yake ndiyo msingi wa teknolojia inayogeuza gesi ya majitaka kuwa mafuta ya magari.

Graham alizaliwa Glasgow, Uskoti, Desemba 1805. Baba yake alitaka awe mchungaji wa kanisa, lakini kijana akachagua kemia. Baba alikasirika na kumnyima fedha, ikambidi ajikimu kwa kufundisha na kuandika. Mwaka 1830 akawa profesa katika chuo cha Anderson mjini humo. Mwaka 1836 Livingstone, aliyekuwa amefanya kazi katika kiwanda cha pamba tangu utotoni, akaingia darasani kwake. Mwaka uliofuata Graham alihamia London.

Mwaka 1833 alitoa kanuni inayobeba jina lake: gesi nyepesi hupenya vitundu vidogo haraka kuliko gesi nzito. Mwaka 1866 alijaribu utando wa mpira usio na kitundu, akapata matokeo tofauti. Kabonidayoksaidi, ingawa ni nzito, ilipita mara sita hivi zaidi ya methani, ambayo ni nyepesi. Graham alieleza kwamba gesi huyeyuka kwanza ndani ya mpira, kisha hutokea upande wa pili.

Alifariki London tarehe 16 Septemba 1869, miezi sita baada ya mwanafunzi wake kufika Ujiji kwa mara ya kwanza. Hakuwahi kuoa. Viwanda vilianza kutumia utando kutenganisha gesi kwa wingi miaka ya 1980, zaidi ya karne moja baadaye.

Tope la majitaka likioza mahali pasipo na hewa hutoa biogesi. Takriban asilimia 60 yake ni methani, inayowaka. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni kabonidayoksaidi, isiyowaka. Mtambo huikausha gesi hiyo, huondoa ile yenye harufu ya yai viza, kisha huisukuma kwa nguvu ndani ya mirija myembamba ya plastiki. Kabonidayoksaidi hupenya kuta za mirija na kutoka nje, methani hubaki ndani. Inayopatikana huitwa biomethani. Inaweza kuwa na methani zaidi ya asilimia 95, na inaweza kuendesha magari ya gesi asilia kama yanayotembea Dar es Salaam.

Mwenye mtambo wa samadi nyumbani hahitaji utando huo, kwani biogesi huwaka jikoni bila kutenganishwa hivyo. Teknolojia hii ni ghali, na inafaa zaidi penye majitaka mengi, kama kwenye miji mikubwa.